Kuingiza Rekodi na Kuchagua Fonti za Fomu katika Hifadhidata ya Ofisi Ndogo

Kuingiza rekodi kutoka faili nyingine na kupanga fonti za fomu ni kazi mbili ambazo mafunzo ya kompyuta huzifundisha mbali mbali, ya kwanza ikihesabiwa kuwa ya kitaalamu na ya pili kuwa ya mapambo, ilhali kwa hakika zinategemeana. Uingizaji huamua ni nini kitakachohifadhiwa. Fonti huamua kama karani anayekaa mbele ya kioo saa zote za kazi ataweza kukiona kilichohifadhiwa jinsi kilivyo, pamoja na makosa yake. Sifuri iliyopotea mwanzoni mwa namba ya simu, herufi iliyogeuka kijisanduku kitupu, au moja inayofanana na herufi kubwa ya I, ni kasoro zinazozaliwa upande mmoja na kufichwa na upande wa pili, na ndiyo maana inafaa mtu anayehamisha daftari la ofisi azipange kazi hizo mbili kwa pamoja.

Hifadhidata ya kompyuta ya mezani ni mkusanyo wa majedwali yanayokaa katika faili moja na kusimamiwa na programu iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, bila kuhitaji mtambo mkubwa wa mbali. Kila mstari wa jedwali huitwa rekodi, nao hueleza kitu kimoja, kwa mfano mwanachama mmoja. Kila safu huitwa uga, nao hubeba sifa moja ya kitu hicho, kama vile jina, tarehe ya kujiunga au kiasi cha hisa. Fomu ni ukurasa unaowekwa mbele ya jedwali ili rekodi zisomwe na kujazwa moja moja kwa utulivu. Programu mbili zitakazozungumziwa ni Microsoft Access, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1992 na kuuzwa pamoja na baadhi ya matoleo ya Office, na Base, ambayo ni sehemu ya LibreOffice na hupatikana bila malipo. Mfano utakaofuatwa ni wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, inayohamisha daftari la wanachama wake kutoka lahajedwali la Excel, kwa kuwa ni hali inayozikuta ofisi nyingi za Tanzania na Kenya pindi wanachama wanapozidi uwezo wa lahajedwali.

Jambo la kwanza la kuamua ni kama data itaingizwa au itaunganishwa. Kuingiza ni kunakili rekodi ndani ya hifadhidata, na tangu hapo faili ya asili haina mamlaka tena. Kuunganisha ni kuliacha jedwali lilipo na kuiwezesha hifadhidata kulisoma likiwa huko huko. Kuunganisha kunafaa pale ambapo mhasibu mwingine bado anaendelea kujaza lahajedwali lake, ila Access hairuhusu rekodi za lahajedwali lililounganishwa zihaririwe kutoka upande wake, na faili ikihamishwa folda kiungo hukatika. Kwa daftari linalohama moja kwa moja, kuingiza ndiko sahihi, kwa sharti kwamba faili ya asili inakiliwa kwanza, nakala moja inafungwa isiandikike, na kazi yote ya usafishaji inafanyika kwenye nakala ya pili.

Chanzo kikubwa cha uharibifu ni ile tabia ya programu kukisia aina ya data. Mwongozo wa uingizaji hutazama mistari michache ya mwanzo ya kila safu na kuamua kama safu hiyo ni ya namba, ya tarehe au ya maandishi, kisha huilazimisha mistari yote iliyobaki ifuate uamuzi huo. Ikiwa wanachama wa mwanzo wana namba za uanachama zenye tarakimu tupu, na walioandikishwa baadaye wana namba zenye herufi za tawi, safu nzima itahesabiwa kuwa ya namba na wale wa baadaye watabaki bila kitu katika uga huo. Dawa yake si kutumaini kwamba programu itakisia vizuri, bali ni kuunda jedwali lenyewe kwanza kwa mkono, kila uga ukipewa aina yake, ndipo rekodi zimiminwe ndani yake.

Katika kuzipa nyuga aina zake, kanuni inayookoa mambo mengi ni kwamba namba isiyojumlishwa wala kuzidishwa si namba bali ni maandishi. Namba ya simu ya Tanzania au Kenya huanza na sifuri, na uga wa namba huifuta sifuri hiyo kwa kuwa haina thamani ya hesabu. Ikiandikwa kwa kuanza na 255 au 254 huzidi 2,147,483,647, ambacho ndicho kikomo cha namba kamili ya kawaida katika Access, na rekodi hurudishwa ikiwa na kosa. Hali ni mbaya zaidi kwa namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ya Tanzania, ambayo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba kwa usahihi, kwa hiyo namba ya NIDA iliyochapwa bila vistari katika kiselo cha kawaida huwa imekwisha kupoteza tarakimu zake tano za mwisho, zikageuzwa sifuri, kabla hata hifadhidata haijafunguliwa. Hakuna amri yoyote ya Access wala ya Base inayoweza kuzirudisha. Mtu anayekuta safu ya vitambulisho ikionyesha maandishi ya mfano wa 1.98507E+19 anapaswa kusimamisha uingizaji na kurudi kwenye fomu za karatasi zilizojazwa na wanachama, kwa sababu kuendelea ni kuhamisha uongo na kuupa sura ya rekodi rasmi.

Uharibifu wa aina hii hutokea pia pale faili ya .csv, yaani faili ya maandishi matupu ambamo nyuga hutenganishwa kwa koma, inapofunguliwa kwa kubofywa mara mbili na kuhifadhiwa tena. Matoleo mengi ya Excel huifungua kimya kimya na kuzigeuza simu kuwa namba bila kuuliza. LibreOffice Calc, kinyume chake, huonyesha kwanza dirisha ambamo kila safu inaweza kutangazwa kuwa maandishi, na kwa sababu hiyo ni chombo salama zaidi cha kukagulia faili za namna hii, hata kwa ofisi inayotumia Access.

Fedha nazo zina desturi yake ya uandishi ambayo programu hazijui. Mweka hazina akiandika 1,250,000/= mkono wake hufuata mazoea mema ya vitabu vya hesabu vya Afrika Mashariki, lakini alama ya /= huifanya programu iione kuwa ni maandishi, na koma zilizomo ndani ya kiasi, zikikutana na faili inayotenganisha nyuga kwa koma, hukikata kiasi kimoja kuwa nyuga tatu na kuzisogeza nyuga zote zinazofuata kuelekea kulia. Inafaa alama ya /=, herufi za TSh au KSh na koma za maelfu viondolewe katika nakala ya kazi, kiasi kibaki tarakimu tupu, na mwonekano wa shilingi urudishwe baadaye katika fomu kwa mpangilio wa uga. Aina inayostahili kwa hisa, akiba na mikopo katika Access ni ile ya fedha, ambayo hutunza sehemu nne za desimali kwa hesabu kamili. Aina ya desimali inayoelea huacha tofauti ndogo ndogo ambazo, katika jumla ya mwaka, humfanya mkaguzi aulize maswali yasiyo na jibu.

Tarehe zinahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu kosa lake halionekani. Tarehe 03/07/2021 kwa msomaji wa Dodoma au Kisumu ni tarehe tatu Julai, lakini kompyuta ambayo mipangilio yake ya eneo imeachwa katika desturi ya Marekani huisoma kuwa tarehe saba Machi, na zote mbili ni tarehe halali, hivyo hakuna onyo litakalotokea. Njia thabiti ni kuandika tarehe katika nakala ya kazi kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, mfano 2021-07-03, na katika dirisha la mipangilio ya ziada la mwongozo wa Access kutaja wazi mpangilio huo huo pamoja na alama inayotenganisha sehemu zake. Baada ya kuingiza, ulizo moja, yaani ombi la kuichambua data, litafute tarehe za kujiunga zilizo mbele ya siku ya leo, na jingine litafute wanachama waliojiunga kabla ya chama kuandikishwa. Tarehe zilizopinduliwa siku na mwezi mara nyingi hujitokeza hapo. Miaka iliyoandikwa kwa tarakimu mbili ipanuliwe mapema, kwa kuwa kwa mpaka uliozoeleka kwa muda mrefu katika Windows, 30 husomwa 1930 lakini 28 husomwa 2028, na mzee aliyezaliwa 1928 hugeuka kuwa mtu ambaye bado hajazaliwa. Lahajedwali lililoanzishwa katika kompyuta za zamani za Macintosh huenda likawa linahesabu siku kuanzia 1904 badala ya 1900, na hapo tarehe zote hutofautiana kwa siku 1,462, ambazo ni miaka minne na siku moja.

Majina ya watu ndiyo yanayopaswa kutunzwa kwa heshima kuliko nyuga zote, na ndiyo yanayoumizwa zaidi na usimbaji, yaani utaratibu wa kompyuta wa kuzigeuza herufi kuwa namba za kuhifadhiwa. Faili iliyohifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, ambao hubeba herufi za lugha karibu zote, ikisomwa kana kwamba ni ya usimbaji wa zamani wa Windows wa Ulaya Magharibi, jina lenye king'ong'o kilichoandikwa kwa ritifaa ya kupinda huja likiwa limeharibika, Ng’ombe likawa Ngâ€™ombe. Majina ya Kikuyu na Kikamba yenye ĩ na ũ hayamo kabisa katika usimbaji huo wa zamani, kwa hiyo faili ikihifadhiwa humo herufi hizo hubadilishwa au kugeuka alama ya kuuliza. Katika mwongozo wa Access usimbaji huchaguliwa katika dirisha la mipangilio ya ziada, ambamo UTF-8 hujulikana kwa namba 65001. Katika Calc huchaguliwa juu kabisa ya dirisha la kufungulia faili. Ofisi au maktaba zenye kumbukumbu za enzi za DOS, ziwe faili za dBase au za CDS/ISIS, ile programu ya UNESCO iliyotumiwa sana na maktaba, zitafute usimbaji wa DOS kama vile 437 au 850, kwa sababu hapo herufi zenye alama zimepewa namba tofauti kabisa na zile za Windows.

Ritifaa yenyewe ina tatizo la pili. Jina Ng'ang'a linaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa ya kupinda, au hata kwa alama ya nukuu ya kufungulia, na kwa jicho la binadamu majina hayo ni moja, ilhali kwa hifadhidata ni majina matatu ya watu watatu. Zote zigeuzwe kuwa ritifaa moja iliyonyooka kabla ya kutafuta waliorudiwa. Alama ya kuzungushia maandishi katika faili ya .csv iwe alama ya nukuu ya vistari viwili, kamwe isiwe ritifaa, la sivyo jina litakatwa katikati. Pamoja na hayo, majina yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti mara nyingi hufuatwa na nafasi isiyokatika, ambayo haionekani na ambayo amri ya kawaida ya kupunguza nafasi haiiondoi, hivyo inabidi itafutwe na kubadilishwa kwa namba yake, 160.

Rekodi zilizosafishwa hazifai kupelekwa moja kwa moja katika jedwali la kudumu. Inashauriwa liwepo jedwali la mapokezi, ambamo nyuga zote ni za maandishi na hakuna sharti lolote la kuzuia, ili kila mstari uingie jinsi ulivyo. Kisha ulizo la kuongeza rekodi lizihamishe kutoka hapo kwenda katika jedwali la kudumu, likizigeuza kuwa tarehe, fedha na namba chini ya uangalizi. Jedwali la mapokezi liwe pia na uga wa jina la faili ya asili na wa namba ya mstari, kwa sababu miezi baadaye, mwanachama anapolalamika kwamba hisa zake zimepungua, swali la kwanza litakuwa rekodi hiyo ilitoka wapi. Mahali ambapo majedwali yana uhusiano, wanachama watangulie na michango ifuate, kwa kuwa hifadhidata inayolinda uhusiano huo hukataa mchango usio na mwenyewe. Wakati wa kuingiza faili, mistari inapokuwa na thamani zisizoweza kugeuzwa, Access huunda jedwali la ziada la makosa lenye aina ya kosa, jina la uga na namba ya mstari. Wengi hulifuta jedwali hilo bila kulisoma, ilhali ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote yaliyotokea siku hiyo.

Katika Base njia iliyo nyepesi ni kunakili eneo la lahajedwali kutoka Calc na kulibandika katika sehemu ya majedwali, ambapo dirisha litauliza kama inatakiwa kuunda jedwali jipya au kuongeza rekodi katika jedwali lililopo, na kama uundwe ufunguo msingi, yaani uga unaoitambulisha kila rekodi peke yake. Jedwali lisilo na ufunguo msingi katika Base husomeka tu na haliandikiki, na hilo huwatatiza sana wanaoanza. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba hifadhidata iliyopachikwa ndani ya faili ya .odb haiandikwi kikamilifu katika faili hiyo mpaka faili yenyewe ihifadhiwe, kwa hiyo mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa faili ihifadhiwe mara tu uingizaji unapokwisha, kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza. Kwa upande wa Access, faili haiwezi kuzidi gigabaiti 2 na jedwali haliwezi kuwa na nyuga zaidi ya 255, vipimo ambavyo SACCOS ya kawaida haivifikii isipokuwa imeanza kupachika picha za wanachama ndani ya jedwali, jambo ambalo ni bora liepukwe kwa kuweka picha katika folda na kuhifadhi njia yake tu.

Uthibitisho wa uingizaji hauhitaji utaalamu mkubwa. Idadi ya rekodi ilinganishwe na idadi ya mistari ya asili, jumla ya hisa na ya akiba ilinganishwe na jumla ya lahajedwali mpaka shilingi ya mwisho, urefu wa kila namba ya simu na ya kitambulisho uhesabiwe, na sehemu ya rekodi zilizookotwa bila mpangilio isomwe kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akifuata katika daftari la karatasi. Hatua hii ya mwisho hufanyika mbele ya fomu, na hapa ndipo fonti inapoingia katika usahihi wa data.

Fonti ni mkusanyo wa maumbo ya herufi na tarakimu yaliyochorwa kwa mtindo mmoja. Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kile kile. Katika Gill Sans hata tarakimu 1 huungana nazo. Fonti ya Georgia, iliyo nzuri kwa kusoma insha, ina tarakimu za mtindo wa kale zinazopanda na kushuka mstari, hivyo safu ya viasi vya fedha huonekana kama haijakaa sawa. Kwa fomu ya kujazia data, Verdana na Tahoma zina faida kwa kuwa I yake kubwa ina vikono juu na chini na moja yake ina mguu, na Verdana ilibuniwa makusudi kwa ajili ya kusomeka katika kioo. Nyuga za vitambulisho na namba za hati zinastahili fonti ya upana mmoja, ambamo kila herufi huchukua nafasi sawa, na Consolas inafaa kuliko Courier New, kwa sababu sifuri yake ina mkwaju ndani na haiwezi kuchanganywa na herufi O. Namba ya NIDA iliyopungukiwa na tarakimu moja hujionyesha yenyewe katika fonti ya upana mmoja, kwa kuwa huishia kabla ya zile zilizo juu na chini yake katika orodha. Katika fonti ya kawaida karani huipita bila kujua.

Sifa ya pili ya kuangaliwa ni kama fonti ina herufi zote zinazohitajika. Fonti isiyo na ũ huifanya kompyuta iazime herufi hiyo kutoka fonti nyingine, jina likawa na herufi moja nene au ndefu isiyolingana na wenzake, au iweke kijisanduku kitupu, na karani anayedhani jina limeharibika huenda akalihariri na kuliharibu kweli. Arial, Times New Roman, Calibri na Verdana zina herufi hizo; fonti nyingi za mapambo zinazosambazwa bila malipo hazina. Njia ya kuhakikisha ni kuunda rekodi moja ya majaribio yenye Ng'ang'a, Mũthoni, Wambũi, tarakimu zote kumi na herufi I, l na O, kisha kuitazama rekodi hiyo katika kila fonti inayofikiriwa. Kwa taasisi zinazotunza nyaraka za Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, fonti kama Scheherazade New inafaa zaidi, na kisanduku chake cha maandishi kipangwe kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Sifa ya tatu, ambayo husahauliwa, ni kwamba fonti haisafiri pamoja na faili ya Access. Fomu iliyopangwa kwa fonti nzuri katika kompyuta ya mweka hazina, ikifunguliwa katika kompyuta ya tawi isiyo na fonti hiyo, hupewa na Windows fonti ya badala, na kwa kuwa upana wa herufi umebadilika, maneno hukatwa mwishoni na viasi virefu hupoteza tarakimu machoni pa msomaji ingawa jedwalini vimo vyote. Aptos, iliyoanza kuchukua nafasi ya Calibri katika Word na Excel mwaka 2023, haimo katika kompyuta zenye Office za zamani, na kwa hiyo si chaguo la busara kwa fomu inayotumika na ofisi kadhaa. Kwenye kompyuta za Linux zenye LibreOffice, Carlito ina upana uleule wa Calibri na Liberation Sans upana uleule wa Arial, hivyo mpangilio wa ukurasa hauvurugiki.

Upangaji wenyewe katika Access hufanyika fomu ikiwa katika hali ya usanifu. Vidhibiti, yaani visanduku vya maandishi, lebo na vitufe vilivyomo katika fomu, huchaguliwa vyote kwa Ctrl+A au baadhi yake kwa kushikilia Shift, kisha kitufe cha F4 hufungua jedwali la sifa ambamo jina la fonti, ukubwa na unene huwekwa mara moja kwa vyote vilivyochaguliwa. Tangu toleo la 2010, Access inaweza pia kutumia mandhari, yaani jozi ya fonti na rangi inayotawala fomu zote. Vidhibiti vinavyofuata mandhari hubadilika vyenyewe mandhari inapobadilishwa, ila kile kilichopewa jina la fonti moja kwa moja hubaki hivyo hivyo, na ndiyo sababu ya fomu zenye fonti tatu tofauti zisizoelezeka. Inafaa kuamua mapema njia moja na kuishikilia. Ikumbukwe pia kwamba mwonekano wa jedwali, ambamo rekodi nyingi huorodheshwa kwa mistari, una fonti yake yenyewe isiyofuata ile ya visanduku, na kwamba kuongeza ukubwa wa fonti hakuongezi urefu wa kisanduku, hivyo amri ya kukilinganisha kisanduku na maandishi itolewe baadaye.

Katika Base fomu ni waraka wa Writer wenye vidhibiti juu yake. Lebo na kisanduku chake huundwa vikiwa vimefungwa pamoja, na kubofya kwa kawaida huvichagua vyote viwili, ndipo wengi hudhani kwamba fonti ya kisanduku haibadiliki. Ukishikilia Ctrl wakati wa kubofya, kimoja huchaguliwa peke yake. Ni rahisi zaidi kufungua kipitia fomu, ambacho huorodhesha vidhibiti vyote kwa majina, kuchagua vinavyohusika na kubadilisha sifa ya fonti katika ukurasa wa jumla wa dirisha la sifa. Mitindo ya Writer, iliyo msaada mkubwa katika nyaraka, haitawali fonti za vidhibiti.

Ukubwa wa pointi 11 au 12 unatosha kwa wengi, pointi 72 zikiwa inchi moja, lakini kipimo cha kweli ni macho ya karani mwenye umri mkubwa kuliko wote ofisini akitumia kioo kilicho duni kuliko vyote. Maandishi ya kijivu juu ya kijivu, yanayopendwa na mandhari nyingi mpya, yaachwe. Miongozo ya WCAG ya kurasa za intaneti hutaka utofauti wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na kipimo hicho kinaifaa fomu vilevile. Rangi na unene vihifadhiwe kwa kazi maalumu, nayo ni kuonyesha kasoro. Mpangilio wa masharti katika Access huweza kukifanya kisanduku cha simu kiwe chekundu pale urefu wake usipokuwa tarakimu 10, au cha kitambulisho pale urefu usipokuwa 20, na kwa njia hiyo rekodi zilizoingia na kasoro huendelea kujitangaza mpaka zitakaporekebishwa. Sharti hilo hubadilisha rangi, unene, mlalo na mstari wa chini, lakini si jina la fonti, kwa hiyo fonti ya msingi ichaguliwe kwa uangalifu tangu mwanzo.

Baada ya wiki za mwanzo za matumizi, na uthibitisho ukiwa umetiwa saini na wahusika wawili, nakala za kazi zilizobaki katika kompyuta, diski mweko na barua pepe zishughulikiwe. Faili ya .csv yenye majina, simu na vitambulisho vya wanachama wote haina nywila wala ulinzi wowote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ilivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, huwabebesha wanaokusanya taarifa hizo wajibu wa kuzilinda. Nakala moja ya asili itunzwe mahali palipofungwa kwa ajili ya ukaguzi na nyingine zote zifutwe. Ikiwa tawi litaendelea kuleta faili kila mwezi, hatua za uingizaji zihifadhiwe ndani ya Access kwa jina linaloeleweka, faili ya tawi iletwe daima kwa jina na mpangilio uleule wa safu, na jedwali la mapokezi limwagwe na kukaguliwa upya kila mara kabla ya rekodi mpya kupokelewa.